Pia, Roda na Yoyo: Historia ya Vizungukavyo Katika Pwani ya Cabo Delgado

Mwanafunzi afunguapo kamusi ya Kiswahili kulitafuta neno pia hukuta limebeba mizigo mingi. Kwanza atakuta lile neno dogo lenye maana ya "vilevile", ambalo si shauri letu hapa. Kisha ataikuta pia ya watoto, yaani kichezeo cha mti chenye kichwa kipana na ncha kali, ambacho huzungushiwa uzi na kutupwa mchangani kikazunguka. Akifungua vitabu vya hisabati vya shule za msingi za Tanzania, atakuta pia ni umbo lenye kitako cha duara na kilele kimoja. Na akiumia gotini, wazee watamwambia kwamba ameumia pia ya mguu. Mtoto achezaye uwanjani ndiye aliyewakopesha jina mwalimu wa hisabati na mganga wa mifupa. Umbo na mfupa vyote vimefananishwa na kichezeo chake.

Nimeanza na pia kwa sababu makala haya yahusu jamaa yake, yoyo. Yoyo ni bapa mbili za duara zilizounganishwa katikati kwa kijiti kifupi, na kijiti hicho kimefungwa uzi. Mchezaji huushika uzi kwa kidole, huiachia yoyo ishuke ikizunguka, nayo hupanda tena mpaka kiganjani. Siku hizi wako watu wengi duniani, watu wazima pia, ambao uraibu wao ni kubuni yoyo zao wenyewe: huchora, hukata, hujaribu, huvunja, wakaanza upya. Swali nililotaka kulichunguza ni hili: kijana wa pwani ya Cabo Delgado, tuseme wa kisiwa cha Macaloe, akiamua naye kujiundia yoyo, je, atakuwa anaiga kitu cha kigeni tangu mwanzo hadi mwisho? Wengi watajibu upesi kwamba ndiyo. Mimi nasema kwamba jina ni la kigeni, lakini ufundi wenyewe ulikwisha kuwapo pwani kabla jina halijafika. Tena naamini kwamba sisi walimu wa lugha tuna hasara ya kuhesabu katika jambo hili, kwani maneno ya ufundi huo yanatuponyoka.

Macaloe ni kisiwa kidogo katika safu ya visiwa vya Kirimba, katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Lugha ya pwani hiyo ni Kimwani, jirani wa karibu sana wa Kiswahili, na kadiri mtu aendavyo kaskazini kuelekea Palma na mto Ruvuma ndivyo Kiswahili chenyewe kinavyozidi kusikika. Vasco da Gama alipita katika bahari hii mwaka 1498. Wareno walikaa kwa muda mrefu, wakaifanya Ibo kuwa makao yao makuu katika sehemu hizo, na utawala wao haukuondoka mpaka tarehe 25 Juni 1975, siku ya uhuru wa Msumbiji. Si ajabu basi kwamba lugha za huko zimebeba maneno mengi ya Kireno. Hata sisi wa kaskazini zaidi, ambao Wareno walitutoka mapema, tunayo meza, leso, kasha, bendera, mvinyo na gereza, na hatuyaoni tena kuwa mageni.

Sasa tazama vile vitu vizungukavyo. Roda, lile gurudumu lenye mfuo lipitishwalo kamba ili kuvutia mizigo, ni neno la Kireno lenye maana ya gurudumu. Parafujo, msumari uingiao kwa kuzungushwa, latokana na parafuso ya Kireno. Na kichezeo tukiitacho pia, Wareno hukiita pião. Mimi nashawishika kuwa neno letu limetoka huko, kwa maana lafuata njia ile ile ya mengine mawili. Pengine watoto wa mabaharia walicheza na watoto wa mji mbele ya ngome, jina likahama kutoka mdomo hadi mdomo. Maneno ya michezo hayangoji waandishi.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea njia. Tukishalitambua neno kuwa la kigeni, twaona kana kwamba kitu chenyewe nacho kilishushwa kutoka merikebuni. Roda yatosha kutufumbua macho. Jahazi la pwani lilikuwa likitweka tanga lake zito karne nyingi kabla ya mwaka 1498, na tanga la namna hiyo halitwekwi kwa mikono mitupu. Kamba nene iitwayo henza hushika foromali. Henza hufungwa gofia, ambayo ni kapi. Na kamba nyembamba iitwayo jarari hupita katika gofia na katika kapi jingine lililoko chini, liitwalo abedari. Mabaharia wakivuta jarari, magurudumu huzunguka na tanga hupanda. Hapana neno hata moja la Kireno katika sentensi hizo tatu. Roda ilikuja ikalikuta kapi limekwisha kukaa, nalo halikuondoka. Majina mawili yakaishi nyumba moja hadi leo. Basi huenda ndivyo ilivyokuwa kwa pia: jina jipya lililovikwa mchezo wa zamani.

Historia ya yoyo yenyewe yatoa funzo kama hilo, tena kwa ushahidi ulio wazi zaidi. Katika jumba la makumbusho huko Berlin kiko chombo cha udongo cha Wayunani wa kale, cha miaka ya 440 hivi kabla ya Kristo, kilichochorwa kijana ameshika uzi ambao chini yake yaning'inia bapa ya duara. Asiyejua atadhani kijana huyo amepigwa picha jana. Mwishoni mwa karne ya 18 kichezeo hicho kilikuwa mtindo wa mabwana na mabibi wa Ulaya. Waingereza walikiita bandalore, nao Wafaransa walikiita émigrette, jina lililowakumba wale makabaila waliokuwa wakiikimbia nchi wakati wa mapinduzi. Mwaka 1866, huko Cincinnati, Marekani, mafundi wawili, James Haven na Charles Hettrick, walipata hataza ya bandalore waliyoitengeneza upya. Katika miaka hiyo yote hapana Mzungu aliyepata kukiita yoyo.

Jina hilo lilitoka visiwa vya Ufilipino, pamoja na jambo jingine lililo kubwa kuliko jina. Pedro Flores, mzaliwa wa jimbo la Ilocos Norte, alihamia Marekani akawa mfanyakazi wa hotelini huko California. Mwaka 1928 alianzisha kampuni katika mji wa Santa Barbara ya kutengeneza kichezeo cha kwao, kwanza chache tu, kwa mkono. Kabla ya mwaka 1929 kwisha alikuwa na viwanda na mamia ya wafanyakazi. Kitu kilichoitofautisha yoyo yake na bandalore ya Wazungu hakionekani kwa urahisi. Bandalore ilikuwa imefungwa uzi wake kwa fundo katika kijiti cha katikati, hivyo ilipofika chini haikuwa na la kufanya ila kupanda tena. Katika yoyo ya Wafilipino uzi haufungwi. Unakizunguka kijiti kwa kitanzi kilicholegea. Yoyo ikifika mwisho wa uzi hubaki ikizunguka ndani ya kitanzi, ikimngoja mchezaji aitikise ndipo ipande. Kwa kitanzi hicho michezo yote ya yoyo tuijuayo leo ilipata kuzaliwa.

Wako wasemao kwamba neno yoyo maana yake ni "rudi" katika lugha ya Kitagalogi. Hadithi hiyo imezungushwa sana magazetini, lakini "kurudi" katika Kitagalogi ni balik, na Flores mwenyewe hakuwa mtu wa Kitagalogi bali wa sehemu za Wailokano. Iko pia hadithi ya pili, kwamba yoyo ilikuwa silaha ya wawindaji wa Kifilipino waliokaa juu ya miti na kuwarushia wanyama jiwe lililofungwa kamba ndefu. Ni hadithi tamu kwa muuzaji, lakini hapana ushahidi wa kuiunga mkono. Watu wa mbali hupenda kusikia kwamba kichezeo cha watu wengine kilikuwa silaha. Hatukosi nasi kusimuliwa hivyo.

Mfanyabiashara Donald Duncan alinunua kampuni ya Flores akaliandikisha neno Yo-Yo mwaka 1932 kuwa alama yake ya biashara. Kwa zaidi ya miaka 30 mtengenezaji mwingine alipaswa kutafuta jina jingine. Mwaka 1965 mahakama ya rufani ya Marekani ilitoa hukumu ambayo kila mwalimu wa lugha angeifurahia: kwamba neno hilo limekwisha kuwa la watu wote, kwa kuwa watu hawana neno jingine la kukiitia kitu hicho. Matumizi yalimshinda mwenye hati. Wakati huo kampuni yenyewe ilikuwa taabani, na miaka michache baadaye jina la Duncan likauzwa kwa kampuni nyingine.

Turudi sasa pwani. Nimekwisha kulitaja kapi. Mtu akilitoa kapi katika mfuko wake wa mbao akaliweka mezani pamoja na yoyo, hatasita kuona udugu wao: duara, mfuo katikati, uzi ndani ya mfuo. Tofauti ni kwamba kapi limefungwa mahali na kamba yapita, hali yoyo yenyewe ndiyo isafiriyo juu ya uzi. Lakini udugu wa ndani zaidi uko katika chombo kingine, nacho ni keekee.

Keekee ni chombo cha kutobolea mbao. Wajenzi wa vyombo vya baharini walikitumia kutoboa mbao za mashua kabla ya kupigilia misumari, na katika sehemu kadha wa kadha bado wanakitumia. Kina chuma chenye makali kiitwacho kimatu. Kimatu kimechomekwa katika kijiti cha mviringo kiitwacho msukano. Juu ya msukano kuna kishikio kiitwacho jivu, ambacho fundi hukikandamiza kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili hushika uta, ambao uzi wake umeuzunguka msukano mara moja. Uta ukienda mbele, msukano huzunguka upande huu. Ukirudi, huzunguka upande ule. Kwa maneno mengine, fundi amekuwa akiugeuza mwendo wa uzi ulionyooka kuwa mzunguko, na ndiyo kazi yote ya yoyo, isipokuwa yoyo haina uta wala haihitaji mkono wa pili. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumika pia katika keezo, chombo cha kukerezea mti, ambacho kilizungushwa kwa uzi wa uta na kutoa matendegu ya vitanda yaliyo laini na yenye pete nzuri. Mtu aliyeweza kukereza tendegu angeweza kukereza yoyo kumi kabla ya adhuhuri.

Watoto nao hawakukosa. Ni nani katika sisi hakupata kukiona kifuniko cha chupa ya soda kilichopondwa kikawa bapa, kikatobolewa matundu mawili, kikapitishwa uzi? Uzi ukisokotwa na kuvutwa kwa mikono miwili, kifuniko huvuma kwa kwenda na kurudi. Basi ndani ya mvumo ule kuna yoyo isiyopata jina.

Kwa hiyo kijana wetu wa Macaloe haanzi kwenye utupu. Hebu tufuate kazi yake hatua kwa hatua, kwani hapa ndipo penye utamu, na mwalimu atakayetaka kuijaribu darasani atafaidika.

Kwanza ni mti. Mpera wafaa sana: ni mgumu, haupasuki ovyo, na ndio uliopendwa na watoto kwa pia na manati. (Tukumbuke kwamba mpera nao ni mgeni aliyetoka Amerika, na jina lake ni la Kireno. Mtoto achongaye pia ya mpera ameshika ugeni mara mbili mkononi, wala hana habari, wala hana haja ya kuwa nayo.) Mpingo, ambao Wamakonde wa bara ya Cabo Delgado wameufanya ujulikane duniani kote, ni mzito hata huzama majini. Uzito huo ni neema kwa yoyo, lakini una hila yake: moyo wake mweusi ni mzito kuliko mbao nyeupe inayouzunguka, na bapa iliyochanganya nyeusi na nyeupe haitakaa sawa kamwe. Yafaa bapa zote mbili zikatwe kutoka kijiti kimoja, mahali pamoja, moja ikifuatana na nyingine kama vipande vya muhogo.

Pili ni kupata katikati. Karatasi ya duara iliyo sawa na bapa ikikunjwa mara mbili, mikunjo hukutana katikati. Tundu litobolewe hapo, tena lisimame wima. Likiinama hata kidogo, yoyo itayumba kama mlevi. Hapa keekee ni bora kuliko kisu kwa mbali. Kisha huja kupima. Kijiti kikipitishwa katika bapa na ncha zake zikalazwa juu ya visu viwili vilivyosimamishwa kwa makali, vikiwa sawa sawa, upande mzito utajishusha chini wenyewe. Upande huo utiwe alama ya mkaa na upunguzwe kidogo kidogo, mpaka bapa itulie popote inapoachwa. Kazi hii yataka subira, nayo ndiyo inayopambanua yoyo na vipande viwili vya mti.

Tatu ni unene wa kijiti cha katikati, na hapa ndipo mbuni aanzapo kufanya uamuzi wake mwenyewe. Kijiti kikiwa chembamba, yoyo hushuka polepole na huzunguka mara nyingi kwa uzi ule ule; kikiwa kinene, uzi hushika vizuri na yoyo hurudi kwa haraka. Nafasi baina ya bapa mbili nayo ina amri yake. Ikiwa ndogo, uzi hugusa pande na yoyo hurudi hata pale usipotaka. Ikiwa kubwa, yoyo huzunguka chini kwa muda mrefu lakini hukataa kupanda. Tena uzito ukiwekwa ukingoni badala ya katikati, mzunguko hudumu zaidi. Mtu aweza kuchimba mfuo ukingoni mwa kila bapa akazungushia waya wa shaba, kisha akalinganisha na yoyo isiyo na waya. Hapana yoyo moja iliyo bora kwa mambo yote. Aipendaye ya kurudi haraka hataipata katika ile ya kudumu chini, na ndiyo sababu wenye uraibu huu hawaishi kuunda: kila moja waimalizayo huwaonyesha kasoro ambayo ya pili itaiondoa, ikaleta yake.

Nne ni uzi, na wengi huudharau. Mshipi wa nailoni wa wavuvi upo tele visiwani, lakini huteleza. Yoyo hushuka nao isirudi. Uzi wa pamba ndio ufaao. Huchukuliwa uzi mrefu, ukakunjwa katikati, pande mbili zikasokotwa pamoja. Pale ulipokunjwa pakifunuliwa ndipo penye kitanzi kitakachokizunguka kijiti. Urefu wake ni kutoka ardhini hadi kitovuni mwa mchezaji au juu yake kidogo. Watoto wa wavuvi hujua kusokota tangu utotoni, na kwa hatua hii hawahitaji mwalimu.

Asiye na mti wala keekee hatakosa cha kuanzia. Ndala za mpira zitupwazo na bahari ufukoni hukatwa bapa safi kwa kisu, na vielelezo vya kwanza vya yoyo vyaweza kufanywa kwa bapa hizo kwa saa moja. Ni nyepesi mno, hazidumu kuzunguka, lakini zatosha kumfundisha mtu habari za nafasi na kitanzi kabla hajauharibu mti mzuri. Huko Kiunga, kaskazini ya Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto walikuwa wakijitengenezea vichezeo kwa ndala zilizookotwa pwani. Julie Church, mtaalamu wa hifadhi ya bahari, aliwaona, na kutoka hapo ikazuka kazi ya kuchonga wanyama wa ndala ambao leo huuzwa nchi nyingi. Walioanza, ikumbukwe, ni watoto.

Mtu asidhani kwamba huko nje mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Walioigeuza yoyo katika nusu ya pili ya karne ya 20 hawakuwa wote wenye viwanda. Tom Kuhn alikuwa daktari wa meno huko San Francisco. Katika miaka ya 1970 alibuni yoyo ya mti iliyoweza kufunguliwa na kuunganishwa upya kwa namna 3, uzi ulipokwama au kijiti kilipochakaa. Na mwaka 1990 alitoa yoyo ya metali iliyokuwa na beringi katikati. Michael Caffrey alibuni yoyo yenye vijigololi ndani, ambavyo hutawanywa na mzunguko na kuachia kijiti. Mzunguko ukipungua, hukishika tena, na yoyo hurudi yenyewe bila kuitwa. Siku hizi mbuni huchora yoyo yake katika kompyuta, akaifanyia kielelezo cha plastiki kwa mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, kisha akaipeleka kukerezwa kwa alumini. Zana zimebadilika sana. Maswali ni yale yale manne ya kijana wa Macaloe: uzito uwe wapi, kijiti kiwe kinene kiasi gani, nafasi iwe ya kiasi gani, uzi uwe wa namna gani.

Hata juu ya mawingu maswali hayo yalifika. Mwezi Aprili 1985 chombo cha anga cha Marekani, Discovery, kilibeba vichezeo kadhaa ili vitazamwe mahali pasipo uzito, na yoyo ilikuwa miongoni mwao. Ilipanda na kushuka bila taabu, lakini haikukubali kubaki ikizunguka mwisho wa uzi. Hakukuwa na uzito wa kuivuta na kuuweka uzi wima, basi ilirudi mara moja, kama bandalore ya zamani. Mwalimu wa sayansi atakubali kwamba ni somo zima katika tukio moja.

Nimesema kwamba tuna hasara ya kuhesabu. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na tangu hapo pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado haikutulia. Mji wa Palma ulishambuliwa mwezi Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu waliyahama makao yao. Mwaka 2020 maelfu kwa maelfu walifika kwa mashua katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba, wengine wakiwa na nguo walizovaa tu. Mtu akimbiaye usiku kwa mashua iliyojaa hachukui keezo, wala uta wa keekee. Huwachukua watoto. Zana hubaki, na miaka ipitapo bila zana, majina ya sehemu zake huwa hayana mahali pa kutamkiwa. Nami sisemi kwamba vita peke yake ndivyo vilivyoyaua maneno hayo. Hata katika miji iliyo salama, keekee ya umeme imeingia, nayo haina jivu wala uta. Nimepata kuwauliza wanafunzi wa kidato cha 3, watoto wa pwani wenye Kiswahili safi, maana ya kimatu. Hakuna aliyejua, mmoja akaniuliza kama ni kitunguu kidogo.

Ndiyo sababu naiona yoyo kuwa mgeni mwenye manufaa. Mtoto asiyepata kuuona msukano hataukumbuka kwa kuusoma katika orodha ya misamiati. Lakini akiwa anaunda yoyo, anakihitaji kijiti cha katikati, na kijiti hicho lazima kiwe na jina kila mara kinapopasuka, kinapolegea, kinapokuwa kinene mno. Kwa nini tusikiite msukano? Ndiyo kazi yake: kuzungushwa na uzi. Uzi wenyewe, ukiwa umesokotwa vizuri, tunalo neno kigwe. Kitanzi ni kitanzi. Nafasi baina ya bapa mbili, mahali kigwe kinapolala, yaweza kuitwa mfuo, kama ilivyo katika kapi. Kwa sehemu hizo zote hatuna haja ya kukopa neno hata moja, ila jina la kitu chenyewe, ambalo mahakama ya Marekani imekwisha kusema kwamba ni la kila mtu.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia neno la kuniridhisha. Yoyo inapofika mwisho wa kigwe ikabaki pale inazunguka bila kupanda, Waingereza husema kwamba imelala. Sipendi tuifuate njia hiyo, kwa kuwa kitu kilicholala kwetu hakizunguki. Nimefikiria kutuama, kama maji yatuamavyo baada ya kutiririka, kwa sababu kitu kinachozunguka kwa kasi na kwa usawa huonekana kama kimesimama, na maji yaliyotuama nayo hayakosi mwendo ndani. Wako wenzetu wa Mtwara, wa Palma, wa Ibo na wa Lamu ambao huenda watoto wao wana neno la pia inayozunguka palepale bila kuyumba. Kama liko, litakuwa bora kuliko langu, nami naomba liletwe katika kurasa hizi.